Bundi Mwenye Macho ya Njano

Kofia ilikuwa mpya, ya sufi nyekundu, na niliifuma mwenyewe wiki nzima kwa ajili ya siku ile. Nilijiambia kwamba kama ni kuaibishwa mbele ya mji mzima, basi niaibishwe nimependeza.

"Inama kidogo, msichana," alisema Mama Radojka. Mkononi alishika unyoya wa kuku, mweupe, mrefu kuliko yote aliyokuwa nayo kwenye kopo lake.

"Siinami, mama. Ngazi ipo nyuma yako, panda."

Watu waliosimama kwenye uwanja wa kanisa walicheka, wengine wakajifanya wanakohoa. Mama Radojka hakucheka. Alipanda ngazi moja, akanishika bega, akauchomeka ule unyoya kwenye kofia yangu kwa nguvu hata nikahisi ncha yake kichwani. Alikuwa amevaa skafu yake ya hariri, njano ya limau, ile aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka Trieste. Skafu hiyo huitoa sandukuni siku za fahari tu, na kwake leo ilikuwa fahari kweli.

"Umekukaa," alisema.

"Asante, mama. Mimi kila kitu hunikaa."

Niseme mapema, msije mkadhani Jasenik ni mji wa wendawazimu. Kila majira ya baridi bundi wa masikio huja kulala mchana kwenye misonobari ya katikati ya mji wetu, mamia kwa mamia. Bibi zetu waliwaogopa. Bundi akilia juu ya paa, wao walianza kutafuta sanda. Sisi wajukuu tumewageuza kuwa fahari yetu. Kikinda, majirani zetu, wana bundi wengi zaidi na hawachoki kutukumbusha, lakini kwa kuhesabu hawatuwezi. Mwaka mzima sisi wa chama cha watazama ndege hutumiana kwenye grupu la simu: nani kaona ndege gani, wapi, saa ngapi, na picha kama ipo. Mwamuzi wa chama huangalia na kusema imepita au imekataliwa. Ikipita, jina lako linaingia kwenye daftari kubwa. Ikikataliwa, Siku ya Kuhesabu unavaa unyoya wa kuku, na huuvui mpaka uone kitu kingine nacho kipite. Hata padri aliuvaa mwaka juzi, kwa kuona korongo kumi na wawili waliokuwa mabata bukini.

Ukoo mmoja tu haujawahi kuuvaa, nao ni wa akina Stanojević. Mzee Stanojević, marehemu mume wa Mama Radojka, alikuwa mwamuzi miaka thelathini. Alipofariki, kalamu ikaenda kwa mwanawe, Relja.

Na Relja ndiye aliyenikataa.

Nilimwona akivuka uwanja na darubini yake shingoni, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi kwa sababu hajawahi kujifunza kuvaa kofia vizuri. Moyo wangu ukaruka. Nikauambia utulie, haukusikia. Mwezi mzima nilikuwa nimeuzoesha kuchukia, na kumbe kazi yote ile ilikuwa bure. Aliniangalia usoni, kisha juu, kwenye unyoya.

"Jozi!" alipaza sauti Mwalimu Zorka, aliyetufundisha sote biolojia na ambaye hadi leo tunamwogopa. "Kila mti watu wawili. Mti namba saba, Nevena Bajić na Relja Stanojević."

"Mwalimu, tafadhali," nilisema.

"Tafadhali nini? Namba saba una matawi yaliyofungana na bundi wengi. Nataka macho mazuri kila upande."

"Macho yake si tumeyavisha unyoya?" alidakia Mama Radojka kutoka kwenye meza ya chai.

"Radojka, mimina chai," Mwalimu alimjibu. "Na ninyi wawili, mkioana msipooana, hilo si langu. Mimi nataka idadi."

Tukaenda. Theluji ililia chini ya viatu vyetu. Utaratibu ni kwamba mmoja asimame mashariki ya mti, mwingine magharibi, kila mtu ahesabu peke yake na kuandika kwenye karatasi bila kumwambia mwenziwe. Kisha karatasi zinafunuliwa pamoja. Zikilingana, mnaenda nyumbani. Zikitofautiana, mnasimama upande mmoja, bega kwa bega, mnahesabu upya kwa sauti mpaka mkubaliane. Mzee Stanojević ndiye aliyeweka utaratibu huo. Sijui kama aliwahi kufikiria watu walioachana.

Niliinua macho. Walikuwepo, wamejibana kwenye matawi, wembamba, masikio yamesimama, macho ya chungwa yamefumbwa nusu kama wazee kanisani. Chini ya mti theluji ilikuwa imetapakaa vidonge vya manyoya na mifupa ya panya ambavyo bundi huvitapika. Niliwahesabu taratibu, tawi kwa tawi, kutoka chini kwenda juu. Kisha nikawahesabu tena. Mimi ni mwokaji wa mikate na burek, yale maandazi ya tabaka yenye jibini ndani. Nimezoea kuhesabu vitu vilivyojipanga gizani.

"Tayari?" aliuliza Relja kutoka upande wa pili.

"Tayari."

Tukafunua. Yake ilisema hamsini na wanane. Yangu ilisema sitini na mmoja.

"Umehesabu mara ngapi?" aliuliza.

"Mara mbili. Wewe?"

"Mara tatu."

"Pole."

Ikabidi aje upande wangu. Alisimama karibu nami, bega lake likagusa langu, na harufu ya sabuni yake ile ile ikanifikia. Nilikaza macho kwenye tawi la kwanza.

"Mmoja, wawili, watatu," nilianza.

"Neva."

"Wanne. Hesabu, Relja. Watano."

"Neva, nimekukosa. Mwezi mzima sijala kitu kikapita kooni."

"Burek unanunua wapi siku hizi? Sita."

"Kituo cha basi."

"Unastahili. Saba, wanane."

Alicheka kidogo, na mimi nusura nicheke. Mkono wake ukatafuta wangu ndani ya baridi ile, ukaupata. Nikahesabu bundi watatu kabla ya kuuondoa.

Lazima niwaambie kilichotokea, maana mapenzi yetu hayakuvunjwa na mtu wa tatu. Yalivunjwa na bundi. Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi moja, nilitoka kumwaga majivu ya tanuri nikamwona bundi kwenye mti wa mforsadi mbele ya duka letu la mikate. Alikuwa peke yake na masikio yake yalikuwa madogo mno, vijinundu tu. Kuzunguka macho alikuwa na weusi, kama mwanamke aliyepaka wanja kwa haraka. Nikapiga picha. Nikaendelea kumtazama kukipambazuka, naye akanigeuzia uso, nikaona macho ya njano. Sisemi ya chungwa, nasema njano tupu. Huyo si bundi wa masikio. Huyo ni bundi wa nyasi, analala chini mashambani, na ndani ya mji wetu hajawahi kuandikwa daftarini. Nikasikia harufu ya mikate inaungua, nikakimbia ndani. Niliporudi tawi lilikuwa tupu.

Nikaikata picha ubaki uso tu, watu wauone vizuri, nikaituma kwenye grupu. "Bundi wa nyasi, mbele ya duka, saa moja asubuhi, macho ya njano." Simu yangu imejaa picha za keki za watu, kwa hiyo ile picha nzima nikaifuta. Dakika kumi baadaye mwamuzi akajibu mbele ya watu mia tatu: "Bundi wa masikio aliyelaza masikio yake. Macho ni ya chungwa. Imekataliwa."

Hakunipigia simu kwanza. Hakuuliza swali hata moja.

Siku mbili baadaye ilikuwa Mtakatifu Nikola, slava ya kwao, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Siku hiyo Relja alikuwa anitambulishe kwa ndugu zake kama mchumba. Mkate wa sikukuu, ule wa mapambo unaowekwa katikati ya meza, niliuoka mimi. Mama Radojka alingoja wageni wote wakae, akasema, "Haya, mfahamuni Nevena, anayeuza burek Mtaa wa Kanisa. Huyu ndiye aliyeona bundi wa ndoto. Mwanangu kasoma Novi Sad miaka sita, na anatuletea mtu asiyejua chungwa na limau!" Meza nzima ikacheka. Nilimwangalia Relja. Alikuwa anaangalia sahani yake.

Akufukuzaye hakwambii toka. Nilichukua koti langu nikatoka, na mkate wangu nikauacha pale mezani wautafune.

"Arobaini na wawili, arobaini na watatu," nilihesabu sasa.

"Neva, nisikilize. Nimeamua." Alinigeukia. "Leo jioni mwamuzi anasoma rekodi za majira. Nitasimama mbele ya watu wote niseme yako imepita. Mama nitamkabili mimi mwenyewe. Yaishe, mpenzi wangu."

Nilishusha darubini.

"Umeiangalia ile picha tena?"

"Mara mia."

"Na unaona macho ya rangi gani?"

Bundi mmoja juu yetu alijigeuza, theluji ikamwagika kidogo begani kwake.

"Nijibu."

"Ya chungwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa unaipitishaje?"

"Kwa sababu nakupenda!"

Sikilizeni, kuna maneno mwanamke anaweza kuyangoja mwezi mzima akilala na kuamka nayo, na yakija vibaya yanauma kuliko tusi. Nilihisi machozi yakinijia na nikayakataza.

"Baba yako alikaa na kalamu ile miaka thelathini," nilisema. "Hakumpitishia mtu kwa mapenzi. Alimkataa mpaka kaka yake. Wewe unataka uanze na mimi?"

"Unataka nini basi? Nikikataa, unanuna. Nikikubali, unanuna!"

"Nataka uniamini au unikatae. Hii ya katikati ni sadaka, Relja, na mimi si ombaomba. Sikusimama kwenye baridi nikimwangalia ndege yule ili uje unipe jina lake kama zawadi ya mchumba. Nilimwona. Ukisimama leo ukasema imepita huku moyoni unasema haikupita, nitainuka mbele ya watu niwaambie umesema uongo."

"Utajiaibisha mwenyewe."

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Na mimi macho yangu hayajafa. Angalia nyuma ya shina, kulia, chini ya lile tawi lililovunjika. Wangapi?"

Aliinua darubini. Alisogea hatua moja kulia, akaiinua tena.

"Watatu," alisema.

"Hamsini na wanane na watatu?"

"Sitini na mmoja." Alifuta namba yake, akaandika yangu. "Sitaipitisha," alisema bila kuniangalia. "Mpaka nione kwa nini."

"Ndiyo maneno," nilimwambia, na nilimpenda sana wakati ule, na sikumwambia.

Saa kumi jioni tulikusanyika wote Mtaa wa Kanisa, ukingoni mwa uwanja, kwenye meza ya chai. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala ya nafaka. Mwalimu Zorka alijumlisha karatasi, midomo ikichezacheza, kisha akavua miwani.

"Mia saba na nne," alisema. "Wapigieni simu Kikinda."

Watu walipiga makofi kwa glavu nzito, na kelele zao ziliruka ukutani. Na mimi nilipiga, unyoya ukicheza kichwani. Sitaki kusema uongo, nilijivunia mji wangu hata na unyoya wake. Ndipo taa za barabarani zikawaka. Mji mzima umeshabadilishiwa taa, zimewekwa nyeupe zinazoumiza macho. Mtaa wetu tu ndio umebaki na zile za zamani, kwa sababu kila mwaka wanasema watazibadilisha mwakani.

"Sasa rekodi," alisema Mwalimu. "Mwamuzi, njoo."

Relja alipanda juu ya kreti ya bia tuliyoifanya jukwaa. Nilikuwa nimesimama karibu na meza, na Mama Radojka alisimama mbele yangu, kidevu juu, tayari kumsikiliza mwanawe akinizika mara ya pili. Nilimwangalia, nikaona kitu cha ajabu.

"Mama," nilimnong'oneza, "umebadilisha skafu?"

"Nini?"

"Asubuhi ulivaa ya njano."

"Na hii ni ya njano!"

"Hapana, mama. Hii ni ya chungwa."

Aligeuka taratibu, na alipoongea hakunong'ona hata kidogo. "Jamani, mnasikia? Huyu mtoto ana ugonjwa! Njano ya limau, miaka ishirini naivaa, anaiita chungwa! Ndiyo yale yale ya bundi!"

Watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kuangaliana. Padri alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa na kuitazama vizuri ile skafu.

"Radojka," alisema, "mimi nami naiona chungwa."

"Na wewe, padri? Korongo na mabata bukini hayakukutosha?"

"Relja," nilisema, "mwangalie mama yako. Skafu yake ina rangi gani?"

Relja alitazama kutoka juu ya kreti. Alitazama skafu, kisha taa juu yake, kisha skafu tena.

"Chungwa," alisema polepole.

"Hata wewe!" Mama Radojka alikuwa karibu kulia. "Baba yako aliitafuta siku nzima Trieste, akasema nataka limau, si chungwa, limau! Mwanangu, unaniangusha mbele ya watu?"

"Mama, njoo." Nilimshika mkono. Alitaka kuuvuta, lakini mimi nakanda unga tangu nina miaka kumi na sita. Nilimtembeza hatua kumi mpaka mbele ya duka la dawa, ambalo dirisha lake lina taa nyeupe. Nikamgeuza awaelekee watu.

Skafu ikarudi kuwa njano ya limau.

"Haya!" alisema kwa ushindi. "Si niliwaambia? Njano!"

"Uliwaambia, mama," nilisema. "Uliwaambia kweli."

Relja alishuka kwenye kreti. Alitoa simu yake, akaja nayo mpaka nilipo, na niliona kwamba picha ilikuwa tayari imefunguliwa, kama mtu ambaye kweli ameiangalia mara mia.

"Ulimpiga picha hii saa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili na nusu hivi. Nilipotoka tu."

"Uliandika saa moja."

"Saa moja ndipo nilipomwona macho vizuri. Taa zilikuwa zimeshazimika."

"Picha uliipiga taa zikiwa bado zinawaka."

"Ndiyo."

"Kwenye mforsadi. Chini ya taa kama hii, inayogeuza njano kuwa chungwa."

"Ile pale, mlango wa tatu," nilisema, na nikahisi aibu kidogo. Mwezi mzima nilipita chini ya ile taa kila siku, na hasira hazikuniachia nafasi ya kuinua kichwa. Na theluji nayo ingesema, ingeonekana ya chungwa, kama nisingeikata picha. "Nilikata theluji yote. Hilo kosa langu."

Aliendelea kuangalia picha. "Wanja," alisema. "Weusi huu kuzunguka macho. Niliuita kivuli. Masikio haya, nikasema ameyalaza. Kila kitu kilikuwa kinasema bundi wa nyasi, mimi nikashika rangi ya macho." Aliniangalia. "Sikukuuliza saa."

"Hukuniuliza chochote, Relja."

Alirudi kwenye kreti. Watu walimpisha njia.

"Mimi, Relja Stanojević, mwamuzi," alisema, na sauti yake ilifika mpaka mlango wa kanisa, "nimeona vibaya. Nilihukumu rangi bila kuuliza mwanga. Bundi wa nyasi aliyeonwa na Nevena Bajić Mtaa wa Kanisa, imepita. Haipiti kwa huruma. Imepita kwa sababu ni kweli." Akanitafuta kwa macho. "Na kuna kosa la pili. Mezani kwetu, siku ya sikukuu yetu, alichekwa mbele yangu nami nikanyamaza. Hilo halina unyoya unaolitosha."

Akaja, akaunyofoa unyoya kutoka kwenye kofia yangu kwa vidole viwili, taratibu asinivute nywele. Kisha akamgeukia mama yake, akavua kofia, akampa vyote viwili.

"Nivishe, mama. Wewe ndiye mtunza manyoya."

"Relja! Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa huu!"

"Basi mimi ndiye wa kwanza."

"Baba yako..."

"Baba angeshauvaa dakika tano zilizopita." Na akainama, yeye mrefu vile, mpaka kichwa kikafika kifuani kwa mama yake. Mama Radojka alisimama akiutazama ule unyoya mkononi. Kisha akauchomeka kwenye kofia, safari hii bila nguvu, akamvika, akamsawazishia kichwani na kumpangusa theluji begani. Wala msidhani aliniomba radhi, hiyo si tabia yake. Lakini alipopita karibu nami kurudi kwenye meza ya chai alisimama.

"Ule mkate wa sikukuu," alisema akiangalia birika. "Ulitia nini? Wageni wamenisumbua mwezi mzima."

"Ganda la limau, mama."

Aliitika kwa kichwa, akanimiminia chai bila mimi kuomba.

Mwalimu Zorka alikuwa ameshafungua daftari kubwa. Lina jalada la ngozi na majina ya watu ambao wengine tumewazika. "Bundi wa nyasi, mmoja," alisoma akiandika. "Wa kwanza ndani ya mji. Mwonaji, Nevena Bajić."

"Andika na kazi yangu, Mwalimu."

"Hatuandiki kazi."

"Leo andika."

Alinitazama juu ya miwani, kama alivyokuwa akinitazama darasani, na akaandika: mwokaji mikate. Nilisoma maneno yale mara mbili. Nimeoka mikate ya harusi, ya mazishi na ya watakatifu wote wa kalenda, na hakuna mkate hata mmoja ulionipa raha kama mstari ule.

Relja alisimama mbele yangu, unyoya wa kuku ukimwinamia usoni. Alichekesha, na alipendeza, na alijua vyote viwili.

"Huu nauvua lini?" aliuliza.

"Sheria unaijua. Uone kitu, kipite."

"Na nani atapitisha, mimi nikiwa na unyoya?"

"Nevena," alisema Mwalimu bila kuinua kichwa kwenye daftari. "Mpaka majira yaishe."

Relja akatoa kijitabu chake mfukoni, akageuza ukurasa mpya, akaandika kwa muda huku akiniangalia na kurudi kwenye karatasi, kama tunavyofanya sote tukiwa na ndege mbele yetu. Kisha akasoma kwa sauti.

"Jumapili, Mtaa wa Kanisa, saa kumi na nusu jioni. Mwanamke mmoja. Kofia nyekundu. Macho ya kahawia, yenye hasira. Umbali, hatua mbili. Tabia yake, hainami. Mwonaji ana uhakika kabisa. Mwonaji anaomba amwone kila siku mpaka atakapokufa."

Mtu mmoja nyuma alipenga makamasi. Mimi nilijua nikifungua mdomo vibaya nitalia mbele ya mia tatu wa grupu na mama mkwe. Kwa hiyo nilinyosha mkono, nikachukua kijitabu na kalamu ya baba yake, nikasoma yale maandishi taratibu, kila neno. Nikaandika chini yake, nikamrudishia.

Alisoma. Uso ulimshuka.

"Imekataliwa? Kwa nini?"

"Umeandika chini ya taa hii," nilisema. "Rangi haziaminiki. Rudi kesho saa mbili asubuhi, jua likiwa limetoka, mbele ya duka. Uniangalie vizuri mchana kweupe, halafu uandike upya, nami nitaona."

Alianza kutabasamu, kwanza kwa macho. "Nije peke yangu?"

"Njoo na mama. Avae skafu yake."

"Ya njano," alisema Mama Radojka kutoka kwenye meza ya chai.

"Ya njano, mama," nilisema.